Paa la Mathree Yako Linavuja? Kiraka Hakitakuokoa

Msee, kama uko na mathree ya kitambo hapo Kitale–Bungoma na mvua ya Aprili inanyeshea pasenja ndani, wacha kupaka lami juu. Kutu huanzia kwa mashimo ya keria na mifereji ya kando, so kiraka kinaificha tu.

Ambia fundi wa jua kali achomoe betri na atoe silingi yote, isishike moto. Akate bati mpaka afike chuma safi, ndio achomelee mpya. Halafu aweke praima, azibe maungio, apake rangi.

Mbavu za paa zikiliwa, zibadilishwe, zisiachwe. Gari ikibingirika, hizo ndizo zinazuia paa lisikulalie.

Kabla silingi irudi, mwagia paa maji dakika 10. Ukiona tone ndani, usilipe bado.