Moshi Mjini: Jinsi Kupanga Magari Vyema Kunavyosafisha Hewa

Fika steji ya matatu mjini Kericho asubuhi na mapema, baridi ikiwa bado kali. Matatu zinanguruma zikisubiri kujaa, na hatua chache kutoka kwenye bomba la moshi, mama mboga anapanga sukuma wiki yake. Abiria atavuta moshi huo kwa dakika kumi, kisha aende zake. Mama huyu atauvuta hadi jioni.

Wengi wetu hudhani uchafuzi wa hewa ni shida ya Nairobi, wala si ya huku kwenye majani chai. Lakini hewa anayovuta mtu ni ile ya mahali aliposimama, si ya kilima cha kijani anachokiona kwa mbali.

Moshi huu una madhara gani?

Moshi wa dizeli hubeba chembechembe ndogo mno. Nyingi zina upana usiofikia hata sehemu moja kwa 30 ya unywele. Hupenya hadi ndani ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Humzidishia mwenye pumu maumivu na kuongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi. Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliutangaza moshi wa injini za dizeli kuwa chanzo cha saratani.

Tangu Januari 2015, Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki hutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, dizeli safi haitoshi ikiwa injini ni kuukuu au gari linanguruma nusu saa bila kwenda popote.

Mpango unasaidiaje?

Kwanza, steji. Magari yakipangwa kwa zamu, ni lile linalokaribia kuondoka tu linalohitaji kuwasha injini. Mengine yanaweza kusubiri yakiwa yamezimwa.

Pili, njia za malori. Majani mabichi ya chai hayasubiri. Lazima yafike kiwandani siku ile ile. Kwa hivyo kuyapiga malori marufuku si suluhisho. Kinachowezekana ni kuyaelekeza kwenye barabara zisizopita katikati ya soko wala mbele ya shule, na kupanga bidhaa za madukani zipakuliwe kabla ya saa za msongamano.

Tatu, njia za waendao kwa miguu. Mara nyingi mtu hupanda bodaboda kwa safari fupi kwa sababu hana pa kukanyaga salama. Njia nzuri, yenye taa na mtaro uliofunikwa, humpunguzia gharama na kupunguza moshi.

Nne, umbali. Moshi wa barabarani hupungua sana ukisogea mita 100 au 200. Ndiyo sababu ni muhimu tunapoweka soko, shule ya chekechea au zahanati. Umbali huo pia huokoa maisha kwa njia nyingine. Hatujasahau Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, ambapo lori liliacha njia na kuwagonga abiria na wachuuzi kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki.

Nani ana uamuzi?

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, na vilevile barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Barabara kuu, kama ile ya Nakuru hadi Kisumu, ziko chini ya serikali ya kitaifa kupitia mamlaka ya KeNHA, na mabadiliko huko huhitaji makubaliano.

Wewe pia una nafasi. Kisheria, mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maoni ya wananchi huhitajika kabla ya maamuzi kupitishwa. Usingoje bajeti ipite ndipo ulalamike.

Unapotoa maoni, taja mahali, saa na jambo unalotaka. “Tunataka hewa safi” ni vigumu kuwekewa fedha. Lakini ukisema, “Steji hii inapakana na ukuta wa shule, isogezwe,” au “Kutoka soko hadi hospitali hakuna njia ya miguu,” mhandisi anaweza kupima na mwakilishi wadi wako anaweza kufuatilia.

Kuna hatua moja isiyongoja bajeti. Dereva, ukijua utasimama zaidi ya dakika moja, zima injini. Utaokoa mafuta yako, na mama mboga atapumua.