ARUSHA: Mnara mmoja, wapangaji wengi

Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, huzuia mawimbi ya redio ya Arusha mjini yasifike moja kwa moja Ngarenanyuki, upande wa pili. Polisi na Zimamoto wakijenga kila mmoja minara yake, gharama itakuwa maradufu. Dawa ni kushirikiana. Mwaka 2013 Vodacom Tanzania iliuza minara yake kwa Helios Towers, ambayo huipangisha kwa kampuni mbalimbali. Nchini Marekani, AT&T ilipewa mwaka 2017 zabuni ya mtandao wa vikosi vya uokoaji: nafasi inayobaki inauzwa kwa wateja wa kawaida, lakini ajali ikitokea waokoaji hutangulia. Mwenye hisa asihesabu minara tu; ahesabu wapangaji wa kila mnara.