Tochi Ndogo za Funguo: Je, Zinahimili Maji na Kuanguka?



Mhudumu wa afya ya jamii akiitwa saa nane usiku kwenda kwa mama mwenye uchungu, huondoka na kile kilichomo mfukoni: simu na funguo. Simu huenda haina chaji. Ikiwa kwenye funguo hizo imening'inizwa tochi ndogo, ndiyo itakayomwonyesha njia, kivuko cha magogo na nyoka aliyejilaza pembeni. Tochi hiyo ikizimika katikati ya mvua ya masika, hasara si ya shilingi elfu chache tu.

Tochi hizi ni za bei ndogo, na kwa sababu hiyo ni rahisi kamati kuzipitisha kwenye orodha ya manunuzi bila kuzijadili. Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kutumia fedha za waumini na wafadhili.

Alama za IPX zina maana gani?

Pakiti nyingi huandikwa kwamba tochi "haiingii maji". Maneno hayo peke yake hayana kipimo. Kipimo kinachotambulika kimataifa ni alama za IP, zinazofuata kiwango namba 60529 cha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC). Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi, ya pili huhusu maji. Ukiona herufi X mahali pa tarakimu ya kwanza, maana yake ni kwamba kipimo cha vumbi hakikutajwa. Alama utakazokutana nazo zaidi ni hizi:

IPX4: tochi inahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote. Kwa kutembea kwenye mvua, inatosha.

IPX7: tochi inaweza kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Inafaa kwa anayevuka mito au kupanda mtumbwi.

IPX8: inazidi hapo, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe. Kama hakuvitaja, muulize muuzaji.

Kumbukeni kwamba vipimo hivi hufanywa kwa tochi mpya na maji yasiyo na chumvi. Tochi iliyosahauliwa kwenye mfuko wa suruali, kisha ikalala usiku kucha kwenye beseni la sabuni, imepita mbali dakika 30. Tena maji ya sabuni hupenya nyufa nyembamba kwa urahisi kuliko maji matupu.

Hesabuni milango ya maji

Hata kama pakiti haina alama yoyote, mnaweza kuikagua tochi kwa kuhesabu sehemu ambazo maji yanaweza kupita: kwenye kioo cha mbele, kwenye swichi, kwenye kifuniko cha betri na kwenye tundu la chaji. Kadiri milango ilivyo michache, ndivyo hatari inavyopungua.

Tochi bapa za plastiki, zinazowaka kwa kubonyezwa na kutumia betri za duara kama za saa, mara nyingi hufungwa kwa skrubu ndogo bila mpira wowote ndani. Ni nyepesi, hivyo huhimili kuanguka, lakini maji huingia.

Tochi za bomba la alumini, zinazotumia betri moja nyembamba kama ya rimoti (AAA), hufungwa kwa kuzungushwa. Kwenye hesi zake huwa na mpira wa duara ambao mafundi huuita oringi. Zile zinazowaka kwa kuzungusha kichwa hazina tundu la swichi, na huo ni mlango mmoja uliopungua.

Tochi za kuchajiwa kwa waya wa simu hupunguza gharama ya betri, lakini kifuniko cha mpira cha tundu la chaji ndicho hulegea kwanza. Kikichanika, alama iliyo kwenye pakiti haina maana tena.

Vipi zikianguka?

Balbu za zamani zilikuwa na waya mwembamba ndani ya kioo, ambao ulikatika kwa mshtuko. Taa za LED hazina waya huo, ndiyo maana tochi za sasa huvumilia zaidi. Kinachoharibika ni viungo vya ndani: springi, swichi na sehemu zilizounganishwa kwa risasi. Kiwango cha Marekani kiitwacho FL 1, kilichotolewa mwaka 2009, hutaka tochi iangushwe kwenye zege kutoka angalau mita 1, na baada ya hapo iendelee kuwaka bila kupasuka. Pakiti ya tochi iliyopimwa hivyo huonyesha idadi ya mita.

Ikilowa, ifanyweje?

Maji hayaui tochi papo hapo. Kinachoiua ni kutu inayokuja baadaye. Kwa hiyo ifungueni mapema, toeni betri, futeni kwa kitambaa safi na muiache wazi kivulini hadi ikauke kabisa. Iliyoingia maji ya bahari isuuzwe kwanza kwa maji safi. Betri ikivuja na kuacha unga mweupe, futeni kwa pamba yenye siki au maji ya limau, kisha kausheni.

Jambo moja la hatari: betri za duara zisiachwe mahali watoto wanapofikia. Ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Jaribio kabla ya kununua nyingi

Kamati inunue tochi moja ya mfano na kufanya yafuatayo mbele ya wajumbe:

1. Iangusheni mara sita kutoka kimo cha kiuno kwenye sakafu ya saruji, kila mara kwa upande tofauti. Iwasheni kila inapoanguka.

2. Kwa tochi inayotoa betri: toeni betri, wekeni karatasi laini kavu ndani, fungeni vizuri na kuizamisha kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Joto hutanua hewa iliyo ndani; mapovu yakitoka, mmeona mlango wenyewe.

3. Kama pakiti inasema IPX7, iacheni humo dakika 30, kisha mtazame karatasi. Iliyo na alama ya IPX4 pekee msiizamishe. Imwagieni maji kutoka pande zote.

Gharama ya kweli

Tuseme tochi ya shilingi 2,000 inakufa baada ya miezi 2. Hiyo ni shilingi 1,000 kila mwezi. Ya shilingi 12,000 ikidumu miaka 3, ni kama shilingi 333 kwa mwezi. Ongezeni bei ya betri, na muulize kama betri hizo zinapatikana katika maduka ya kijijini.

Tunashauri kila parokia iandike kwenye daftari tarehe ya kila tochi kutolewa na tarehe ya kuharibika. Daftari hilo litawasaidia wajumbe katika ununuzi ujao, na litamwonyesha mfadhili kwamba alichokitoa kilitunzwa kama amana. Lakini anayelihitaji kuliko wote ni yule mhudumu anayetoka usiku, akitegemea kwamba taa aliyopewa haitamwacha njiani.