Mradi wa programu ukichelewa, usikimbilie kuongeza watu

Shamba likichelewa kupaliliwa, mkulima huongeza vibarua na kazi ikaisha mapema. Hesabu hiyo nilifundishwa chuo kikuu, na shambani ni kweli. Meneja wa watengenezaji wa programu za kompyuta akiifuata hivyo hivyo, huumiza mradi.

Fred Brooks alisimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM ya Marekani miaka ya 1960. Mwaka 1975 alichapisha kitabu, The Mythical Man-Month, akieleza kuwa mradi wa programu uliochelewa ukiongezewa watu huchelewa zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale waliokwisha kuelemewa. Halafu kuna mawasiliano. Watu 5 wana jozi 10 za kuelewana. Wakifika 10, jozi ni 45.

Niliwahi kuyaona hayo katika chama kimoja cha ushirika wa kahawa. Vijana watatu walikuwa wakitengeneza programu ya kurekodi kilo za kila mkulima na malipo yake. Miezi miwili kabla ya msimu kazi ilikuwa nyuma, meneja akaleta wengine wanne. Kijana aliyeifahamu programu kuliko wote akageuka mwalimu. Asubuhi vikao, mchana maswali, usiku ndipo anafanya kazi yake. Msimu ulipofunguliwa, makarani walirudi kwenye madaftari. Malipo yalichelewa, na wapo wazazi waliokopa ada za shule kwa riba mbaya.

Kijana yule aliacha kazi. Aliniambia kuwa katika miezi yote ile meneja alimuuliza "lini itakwisha?" karibu kila siku, lakini hakumuuliza hata mara moja ni nini kinamkwamisha. Kilichomkwamisha kilikuwa kidogo tu: uongozi ulikuwa ukibadilisha viwango vya makato kila wiki, na hakuna aliyewaambia waache.

Kuwaambia waache ilikuwa kazi ya meneja. Pia kukaa na kila kijana peke yake na kumsikiliza, kuamua kipi kiachwe hadi msimu ujao, na kumweleza mteja ukweli mapema.

Tatizo ni kwamba mara nyingi tunampa umeneja fundi hodari kuliko wote, kama zawadi. (Wapo wanaoukubali kwa sababu ya mshahara tu, na siwalaumu.) Kampuni ya Google ilipowachunguza mameneja wake kuanzia mwaka 2009, ilipata tabia nane za meneja bora. Kulea na kuelekeza watu ilishika nafasi ya kwanza. Ujuzi wa kiufundi ulikuwa wa nane.

Ushirika wako ukitaka kuagiza programu, kabla ya kusaini muulize meneja wa mradi: tukichelewa, utapunguza nini? Akijibu kuwa ataongeza vijana, usisaini kwanza.