Uso wa Mtoto Uko Wapi? Namna ya Kupanga Weusi na Weupe wa Projekta

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya masomo, tuongee juu ya projekta. Msiseme ni mambo ya mafundi tu. Someni mpaka mwisho.

Jumamosi moja tuliteremka Mbugangari, kule Gisenyi, karibu na mpaka mdogo wa kwenda Goma ambao watu wanauita Petite Barrière. Kuna familia za hapa kambini zenye jamaa wanaokaa pale. Tulibeba projekta, kompyuta na filamu fupi tuliyopiga kwa simu: watoto wa shule wakikariri na kuimba. Jirani moja alitupa chumba, tukatundika shuka jeupe ukutani. Watu wakajaa. Mbele kabisa aliketi mama mzee ambaye mjukuu wake yuko kwenye darasa letu. Hawajaonana tangu walipotengana njia wakati wa kukimbia, na miguu yake haimruhusu kupanda gari mpaka kambini.

Tukawasha. Mashati ya watoto yaling'aa kama taa, na juu ya kila shati kulikuwa na kitu cheusi kama kaa la moto lililozimika. Meno tu ndo yalionekana. Yule mama akageuka: "Mwalimu, naona shati tu. Uso wa mutoto uko wapi?"

Tuliona haya. Tukafanya kile ambacho kila mtu anafanya: tukachukua rimoti tukapandisha mwangaza. Basi ikawa mbaya zaidi. Nyuso hazikurudi, ila ukuta wote ukawa rangi ya majivu. Tukapandisha tena. Majivu yakazidi.

Kosa letu lilikuwa hili. Projekta haina taa nyeusi. Weusi unaouona ukutani ni mahali ambapo taa haikupiga, ni giza la chumba chenyewe. Kwa hiyo ukiona mabati yana matundu ya misumari na jua linaingia, anza kuziba matundu kabla hujagusa rimoti. Na ile namba ya mwangaza, hata kama jina lake linadanganya, kazi yake kubwa ni kupandisha au kushusha weusi. Anayeshughulika na weupe ni kontrasti. Sisi tulikuwa tunavuta kamba isiyo yake.

Lakini kuna jambo lililo nyuma ya hayo mawili, nalo ndo lilitukamata. Picha inapopita kwenye waya, kila nukta inabeba namba. Kompyuta kwa kawaida inahesabu kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, mpaka 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Mashine za filamu, kama DVD, zinahesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe kuwa 235. Projekta lazima ijue inasikiliza hesabu gani. Yetu mtu aliyeitumia kabla yetu aliiacha kwenye hesabu ya DVD. Kompyuta ikawa inatuma 0 mpaka 255, projekta ikachukua kila kilicho chini ya 16 ikasema ni giza, na kila kilichopita 235 ikasema ni weupe mtupu. Na namba zilizo jirani na hizo zikavutwa kwenda kulekule. Nyuso zikaanguka gizani, mashati yakaungua. Ukipandisha mwangaza hapo, kilichokwisha kukatwa hakirudi. Ingekuwa kinyume, yaani projekta inangoja 0 na DVD inaleta 16, ungeona picha iliyofifia kama nguo iliyofuliwa mara mia.

Dawa ilikuwa kwenye menyu, upande wa ishara inayoingia. Huko kwa waya wa HDMI utakuta maneno kama "Limited" na "Full", au "Normal" na "Expanded". Tukaweka la pili. Nyuso zikatoka palepale.

Baada ya hapo ndo unapanga mengine. Chagua kwanza hali ya sinema, maana ile hali kali ya dukani inaleta kijani na kufuta weupe. Sisi sasa tuna picha yetu ya kupimia. Tuliichora kwenye programu ya Paint: vipande vyeusi vya namba 0, 8, 16 na 24, na vyeupe vya 255, 247, 239 na 231. Unaandika namba ileile kwenye nyekundu, kijani na bluu. Shusha mwangaza mpaka 0 iwe giza na 8 ionekane kwa shida. Kisha shusha kontrasti mpaka 247 iachane na 255. Rudia tena mwangaza, maana moja inasukuma nyingine.

Uso mweusi kupotea kwenye picha si jambo la jana. Huko Marekani kampuni ya Kodak ilikuwa inawatumia mafundi wa picha kadi zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu, wapime rangi kwa ngozi yake. Ngozi yetu haikuwa kwenye kipimo. Na sisi wa upande huu tunajua uso una kazi gani. Kuanzia mwaka 1994, katika kambi za Goma, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, zikabandikwa ili watu wawatambue. Mtu hatambui shati.

Pale Mbugangari tulirudisha filamu mwanzo. Mama mzee akatuomba tusimamishe. Akasogea mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikaziba nusu ya darasa, hakuna aliyemwambia akae. Akaweka kidole kwenye nyusi ya mtoto, penye kovu dogo. "Hapa alianguka kwetu, kwenye jiwe la kusagia," akasema. Sisi tunamfundisha kila siku, kovu hilo hatukuwa tumeliona.

Namba zetu tumeziandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya projekta kwa gundi. Anayeiazima asiibandue, tafadhali. Na akibadili kitu kwa ajili ya DVD, akirudishe.