Vyuma vya meno na mgongo wa mtoto

Hapa Muscat, kina mama tunaosubiri watoto nje ya skuli siku hizi gumzo letu ni vyuma vya meno. Binti yangu ana miaka 8, akikaa hupinda mgongo. Kliniki moja ilinambia tumtie vyuma mapema, mgongo nao utanyooka. Bei yake inakosesha usingizi, basi kabla ya kulipa nikamuuliza daktari mwengine.

Akanieleza hivi: chama cha madaktari wa kupanga meno Marekani kinashauri mtoto aangaliwe asizidi miaka 7. Aangaliwe tu, si lazima atiwe vyuma. Wengi husubiri meno ya utotoni yatoke. Wasiosubiri ni kama yule ambaye meno yake ya juu hufunga ndani ya ya chini. Huyo kaakaa hutanuliwa mapema, mifupa haijashikana.

Na mgongo? Ushahidi kuwa vyuma vinaunyoosha ni dhaifu. Mgongo una daktari wake wa mifupa.

Ila tazama usiku: analala mdomo wazi, anakoroma? Huenda nyama za nyuma ya pua zimevimba. Mtoto asiyepumua vizuri puani mara nyingi hutanguliza kichwa mbele apate pumzi. Huyo mpeleke kwanza kwa daktari wa pua na koo.

Wangu tunamsubiri. Nawe ukiambiwa ulipe, uliza: tukingoja mwaka mmoja, kutaharibika nini? Daktari mkweli atakuwa na jibu.