Je, Wajua Moto wa Plagi Hutoka Wapi?

Injini imeingia. Boliti zimekazwa, kabureta imefungwa, petroli inashuka. Kijana wa boda anapiga kiki ya kwanza, ya kumi, ya ishirini. Jasho linamtiririka na injini haikohoi hata mara moja. Fundi anaichomoa plagi, anaivalisha kepu yake, anailaza juu ya chuma cha injini. "Haya, piga tena, babangu." Sote tumekodoa macho kwenye ile ncha. Kimya. Hakuna moto.

Hapa ni Gongoni, kaskazini mwa Malindi, chini ya mwarobaini ulio kando ya barabara ya Garsen. Injini ya zamani ilikufa. Hii imenunuliwa ikiwa imetumika, imetoka kwenye pikipiki nyingine yenye nguvu zilezile. Kijana ameshatoa pesa mfukoni akanunue plagi mpya, na fundi anamzuia. Anafanya vyema, kwa sababu plagi yenyewe haizalishi umeme wowote. Ni mlango tu: ncha mbili za chuma zilizoachiana pengo la milimita 0.7 au 0.8, na kauri nyeupe ya kuzuia umeme usichepuke. Kuuvusha umeme kwenye pengo hilo, ndani ya silinda iliyobanwa hewa, huhitaji volti 10,000 na zaidi. Betri ya pikipiki ina 12.

Kazi ya kupandisha inaanza kwenye sumaku, lile gurudumu zito lililofichwa ubavuni mwa injini. Sumaku huzunguka, na ndani yake imetulia stata, yaani koili za waya wa shaba zilizopangwa kama vipande vya chungwa. Sumaku ikipita mbele ya shaba, umeme huzaliwa. Ujanja huu si wa jana: mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch kule Stuttgart, alitengeneza magneto ya volti kubwa iliyowasha plagi bila betri. Kilichoongezeka baadaye ni kile kiboksi cheusi ambacho mafundi hukiita CDI. Ndani yake mna kapasita inayojazwa hadi volti 200 au 300, ikakaa inangoja. Koili ndogo iitwayo pulsa, iliyo pembeni ya sumaku, ikihisi kibonge cha chuma kinapita, hupeleka ishara, na kapasita humwaga umeme wake wote kwa mpigo mmoja kwenye koili ya moto. Huko, mizunguko michache ya waya mnene huusukuma umeme kwenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba, na volti 300 hugeuka maelfu kwa maelfu.

Sumaku ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, basi huzunguka mara 100 kila sekunde, na kwenye pikipiki nyingi za silinda moja plagi hutoa cheche kila mzunguko. Injini ya mipigo minne huhitaji cheche mzunguko mmoja tu kati ya miwili. Cheche nyingine huruka ndani ya moshi unaotoka, ikaenda bure.

Sasa turudi Gongoni. Kosa kubwa la kubadilisha injini ni kudhani kwamba CDI zote ni ndugu. Ziko za aina mbili. Ya kwanza haijali betri: hulishwa na koili maalumu ya waya mwembamba iliyo kwenye stata. Ya pili hulishwa volti 12 za betri kupitia swichi, kisha yenyewe huzipandisha. Ukiweka injini ya aina ya pili kwenye fremu yenye CDI ya aina ya kwanza, CDI itangoja chakula kutoka kwa koili ambayo haipo. Hata kuzima kwao ni tofauti. Ya kwanza huzimwa kwa kuugusisha waya wake wa kuzima na ethi, yaani chuma cha injini na fremu. Ya pili huzimwa kwa kukatiwa umeme. Anayepeleka volti 12 kwenye waya wa kuzima wa ile ya kwanza hufaulu jambo moja: kuiunguza.

Rangi za waya nazo ni mtego. Kwenye mfumo wa Honda, ulioigwa na pikipiki nyingi za Kichina, ethi ni waya wa kijani, na mweusi wenye mstari wa njano ndio unaokwenda kwenye koili ya moto. Kwa Kawasaki, ambao Bajaj walifanya nao kazi kwa miaka mingi, mweusi wenye njano ndio ethi. Fundi anayeunganisha rangi kwa rangi anaweza kuzika moto wote kwenye chesisi na bado kazi yake ikaonekana nadhifu.

Fundi wetu haangalii rangi. Anatoa mita, anagusa waya za stata mojamoja. Koili ya kulisha CDI ingeonyesha omu mia kadhaa. Hizi zote zinasoma chini ya mbili, ni za taa na za kuchaji tu. Pulsa iko sawa. "Injini hii inataka CDI ya betri," anasema, na kijana anatumwa kwa muuzaji kudai ile iliyotoka pamoja na injini.

Anaporudi nayo, cheche inatokea, lakini ni ya manjano, legelege. Hapo ndipo pwani inapojionyesha. Gongoni na Marereni ni nchi ya mashamba ya chumvi, na chumvi huvuta unyevu: shaba huota ukijani, boliti hushika kutu, na umeme hukosa njia ya kurudi. Fundi anakwangua kutu na rangi palipofungwa injini, anaongeza waya wa ethi kutoka kwenye injini hadi fremu. Kiki moja. Cheche ya buluu, na mlio wa "ta!" unaosikika hadi barabarani.

Ugonjwa huu wa chumvi wavuvi wanaujua pia. Mashine nyingi za boti zina CDI ya aina ya kwanza, na swichi ya kamba ya kuzimia ikiingiwa na maji ya chumvi huweza kuugusisha ule waya wa kuzima na ethi moja kwa moja. Chomoa waya wa kuzima, vuta kamba ya kuwashia. Moto ukirudi, swichi ndiyo mbovu.

Cheche ya nje isikupumbaze lakini. Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba kadiri hewa inavyobanwa ndivyo volti nyingi zaidi zinavyohitajika kuivuka. Koili dhaifu hung'ara juani, ikafa ndani ya silinda.

Na kabla hujabeba abiria wa kwanza: logbook imeandikwa namba ya injini ile iliyokufa. Nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukaibadilishe.